Nani Aliona?

Wanafunzi wangu wanalipenda neno "empirical" kama mpishi mvivu anavyopenda chumvi. Wanalinyunyiza kila mahali. Mtu anaandika kurasa tatu za porojo alizookota mtandaoni, halafu anamalizia kwa kusema utafiti wake ni empirical, kana kwamba neno hilo ni maji ya baraka. Nafundisha mbinu za utafiti katika chuo kimoja mjini Embu, na kila muhula nikifika hapo hasira hunipanda. Huwa naiacha ipande, maana darasa lisilo na hasira kidogo hulala.

Huwa nawauliza maana yake. Msichana wa mstari wa mbele husimama akaisoma kwenye simu, maneno marefu ya Kizungu. Namwambia, "Sasa weka simu chini, useme kama mtu aliyezaliwa na mama." Hapo ndipo wote wanapoinama kutazama viatu.

Vitabu vyetu vya Kiswahili navyo vinayumbayumba. Kimoja kinaandika utafiti wa kiempiriki, kingine utafiti wa kushuhudia. Mimi nimechagua hilo la pili kwa sababu linaeleweka hata sokoni. Maana yake ni hii: unasema ulichokiona, ulichokigusa au ulichokipima. Husemi ulichoambiwa, wala kile ambacho "kila mtu anajua". Tena mwingine akitaka, aweze kuja kusimama uliposimama, aone ulichokiona.

Muhula uliopita kijana mmoja wa nyuma, mcheshi, alipiga kelele, "Lakini madam, lisemwalo lipo!"

Darasa likacheka. Mimi nikajibu kabla sijajizuia, "Lisemwalo karibu limuue mama yangu."

Nikafuta ubao na kuendelea na somo, lakini niliporudi nyumbani jioni ile sikuweza kula. Ndiyo maana naandika haya.

Nyumbani kwetu kulikuwa Kiambere, upande wa Mbeere, ambako umeme hutengenezwa bwawani ukapita juu ya vichwa vyetu kwenda kuwamulikia watu wengine. Sisi tulitumia koroboi. Baba alikuwa mnunuzi wa muguka, yale majani watu wanayotafuna wasilale. Asubuhi alizunguka mashambani kwa pikipiki, mchana akapima na kufunga mzigo pale madukani karibu na shule yetu, jioni akarudi. Nilikuwa mtoto wa pekee. Watu walimwita baba mtu mzuri, na machoni pao kweli alikuwa mzuri. Alisalimia wazee kwa mikono miwili.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Alimpiga mama kwa waya wa stima, kwa mpini wa jembe, kwa mwiko wenye ugali wa moto. Siku moja aliinua sufuria ya maji yanayochemka akammwagia pajani, polepole, kama mtu anayemwagilia sukuma wiki. Mama hakupiga kelele. Alijiuma mkono hadi alama za meno zikabaki.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mama na mimi tulikuwa na mawingu yetu. Kabla ya lango letu palikuwa na mteremko. Baba akiteremka pikipiki ikinguruma, tulijua jioni itapita salama. Akiizima kule juu na kuiacha iteleze kimya, mama alikuwa akiepua sufuria motoni kabla magurudumu hayajafika langoni. Mimi nilichukua panga na kulifukia chini ya samadi katika zizi la mbuzi. Hatukuambizana. Kila mmoja alijua kazi yake, kama watu wanaoanua nguo mvua inapoanza kudondoka.

Sasa, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Akina mama wa kanisani walikuja kumkanda mama, wakasema, "Ni pombe, mama. Mzee wako si mtu mbaya, ni hiyo pombe." Mchungaji alisema pombe. Mwalimu mkuu naye alisema pombe. Mimi pia niliamini ni pombe, kwa sababu wakubwa wote walikuwa wamesema.

Lakini macho hayana pazia. Nikaanza kuona jambo ambalo halikukaa sawa na hayo maelezo. Baba akilewa aliimba. Alikuja mteremkoni na mngurumo na wimbo, akaanguka juu ya magunia bila kuvua viatu, tukamfunika blanketi. Siku ya maji ya moto alikuwa amekunywa chai tu. Siku aliyomvunja mama mkono kwa mpini wa jembe ilikuwa Jumapili, ametoka kanisani, na Biblia bado iko mezani.

Nikamwambia mama akiwa jikoni. "Mama, akilewa hapigi."

Mama aliacha kusonga ugali. "Nyamaza," akasema. Akasonga tena kidogo, kisha akasema bila kunitazama, "Angalia tena."

Mpaka leo sijapata mwalimu wa utafiti aliyenipa ushauri bora kuliko huo. Niliangalia tena. Nikitoka shule nilipita pale madukani baba alipokuwa akipima muguka, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikaona kwamba kilichomleta baba kimya mteremkoni kilikuwa kicheko. Mtu akimtania juu ya mizani yake na wengine wakacheka, yeye naye alicheka nao, akawapigapiga mabega. Halafu sauti yake ikawa laini kama siagi. Jioni hiyo pikipiki ilizimwa kule juu. Nilimwambia mama, naye akaanza kuniuliza nikifika kutoka shule, hata kabla sijatua mkoba, "Leo wamemcheka?"

Baada ya pigo moja baya, mama alikimbilia kwao. Kwao ni Meru, kule juu penye majani chai na baridi ya kuuma mifupa. Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa amani, na alimpenda binti yake. Kwao mume aliyemtoa mkewe damu huleta mbuzi kwa wakwe, wazee wakaketi, mambo yakasemwa, na mke akarudi. Baba alileta mbuzi. Wazee wakauliza nani aliona. Hapakuwa na aliyeona, kwa hiyo mbuzi akaliwa na mama akarudishwa. Wakamwambia amwombee mumewe aache pombe.

Mama aliomba, na baba akaacha.

Mkutano wa injili ulikuja, baba akaenda mbele akilia, akaokoka. Akina mama wa kanisa walicheza hadi vumbi likapanda. Walimkumbatia mama wakisema, "Umeona Mungu?" Mama na mimi tuliangaliana juu ya mabega yao. Nilikuwa darasa la saba. Zile jioni za wimbo ndizo zilikuwa pumziko letu pekee, na sasa zilikuwa zimefutwa kwa maombi.

Nitasema kwa ufupi kilichofuata. Siku moja mteja alimcheka eti wokovu umemfanya mwembamba. Pikipiki iliteleza kimya. Nilikuwa nimefukia panga, lakini hakutaka panga. Alimkalia mama kifuani, akamshika nywele na kumgonga kichwa sakafuni, akiuliza swali moja tu, "Nani mwenye nyumba?" Mama akijibu "ni wewe" alimgonga. Akinyamaza alimgonga. Nilimrukia mgongoni, akanitupa ukutani kwa kiwiko kama anayefukuza kuku. Alipochoka alinawa mikono, akaomba chakula, akafumba macho akakiombea.

Kulipopambazuka tulitoka na nguo tulizovaa. Mama alijifunga leso kichwani kuficha uvimbe. Tukapanda gari hadi kwao Meru.

Baba alikuja siku ya kikao cha wazee kwa gari la kukodi, Probox nyeupe, na beberu nyuma kwenye buti. Alivaa koti la Jumapili. Wazee wa upande wa babu walikaa kwenye benchi mbele ya nyumba, chupa za chai mezani. Wale waliokuja na baba walikaa upande wa pili. Waliongea Kiswahili, kwa sababu Wameru walidai Kimbeere hakiwaingii, na Wambeere wakadai vivyo hivyo juu ya Kimeru, ingawa kwenye kikao cha kwanza, nyama ilipokuwa ikigawanywa, walielewana vizuri sana. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni. Mama alikaa peke yake kwenye kigoda.

Baba alisimama. "Wazee wangu, mimi nilikuwa mtu ya pombe, hiyo siwezi kataa. Lakini Mungu alinitoa huko. Saa hii hata soda nachagua. Kitu imebaki ni huyu mama ajishushe tu, turudi tujenge boma."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee mmoja mwenye bakora, rafiki wa babu na msemaji wa vikao vyote, akamgeukia mama. "Wewe unasema alikupiga. Nani aliona?"

"Mzee, nani ataona na tunakaa kwa boma yetu peke yetu?" mama akasema. "Mtoto ndiye aliona."

"Mtoto ni wa mama. Atasema ile mama amemwambia."

Leo, nikiwa mwalimu, ningempa mzee yule alama kwa hoja hiyo. Shahidi aliye na upande si shahidi wa kutegemewa, hata mimi nafundisha hivyo. Lakini siku ile nilitamani kummwagia chai yake kichwani. Uvimbe ulikuwa pale chini ya leso, na hakuna aliyemwomba mama aifungue.

Babu alikohoa. "Binti yangu," akasema kwa upole, "kama ameacha pombe, si hiyo maneno imeisha?"

Niliona mama akiitazama mikono yake mapajani. Nilijua akirudi Kiambere hatatoka tena kwa miguu yake. Sikuambiwa hilo na mtu. Nilikuwa nimeona kila pigo likizidi lililotangulia.

Wakamshusha beberu. Alikuwa mweusi mwenye kiraka cheupe ubavuni, nami nilimjua. Mama yake alifia kwenye zizi letu siku aliyomzaa, nami nikamlea kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira. Hata alipoota pembe hakuacha tabia yake ya kunyonya. Mbuzi wote kwetu walikuwa wa mama, alianza na mmoja aliyepewa kwenye kikundi cha wanawake. Baba hakuwa na hata kuku. Alikuwa amempiga mama, kisha akaja kulipa faini kwa mbuzi wa mama.

"Guka," nikamwambia babu, "hiyo mbuzi ni ya mama."

Vichwa vyote viligeuka. Baba alinitazama akatabasamu. "Mtoto, hebu nyamaza," akasema, na sauti yake ilikuwa laini kama siagi.

Ilikuwa ile sauti ya pikipiki iliyozimwa. Nilisimama pale mlangoni nikaelewa kitu kwa uwazi ambao sijaupata tena maishani. Wazee hawa hawataamini uvimbe, wala mtoto, wala mama. Wataamini walichokiona. Na mimi, katika boma lile lote, ndiye niliyejua namna ya kukifanya kionekane.

Nikatoka jikoni. Nikapita nyuma ya kigoda cha mama, nikaenda kusimama katikati, kati ya benchi zote mbili, mahali ambapo hakuna mzee angehitaji kugeuza shingo.

"Mfungueni muone mwenyewe ni nani," nikasema.

Mzee wa bakora aliona ni mchezo mzuri. "Haya, fungua."

Beberu alipofunguliwa alijinyoosha, akampita baba bila kumtazama, akawapita wazee na chai yao, akaja hadi kwangu, akatia pindo la sketi yangu mdomoni na kuanza kunyonya, mkia ukitikisika, dume zima lenye ndevu.

Mzee wa bakora ndiye aliyeanza. "Kumbe faini imelipwa na mwenye kuumia!" Akacheka hadi bakora ikamponyoka. Benchi zote zikadakia kicheko, hata wale waliokuja na baba, wakishikana magoti na kufuta machozi. Baba naye akacheka. Alimpigapiga mzee begani.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitazama mikono yake.

Aliiokota bakora kana kwamba anamrudishia mwenyewe. Pigo la kwanza lilinipata mdomoni, nikasikia meno yakivunjika ndani ya kichwa changu kabla sijasikia maumivu. La pili lilivunja mfupa wa bega. Nilikuwa nimeanguka tayari alipopiga la tatu, na hilo halikunifikia, kwa sababu mama alikuwa juu yangu. Leso ilimtoka. Bakora ikatua juu ya ule uvimbe, ngozi ikapasuka mbele ya watu wote, damu yake ikaniingia machoni. Baba aliendelea kupiga, na kwa kila pigo aliuliza, "Nani mwenye nyumba? Nani mwenye nyumba?", katika boma ambalo halikuwa hata lake.

Wazee huchukua muda kuinuka. Walioruka ni wajomba zangu waliokuwa wakichanja kuni nyuma ya nyumba. Walimwangusha, wakampiga kwa mateke na vipande vya kuni hadi koti la Jumapili likawa matambara na uso wake ukawa haujulikani. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikanikasirisha kuliko kipigo chenyewe. Babu ndiye aliyewazuia wasimuue. Walimtupa ndani ya buti la Probox, alimotoka beberu, na dereva akaondoka naye.

Kikao hakikuvunjika. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Babu aliagiza maji, akaniosha mdomo kwa mikono yake, akiwa analia bila sauti. Kisha akaketi, kwa sababu desturi yao ni kila mzee kutoa neno lake la mwisho kabla ya watu kutawanyika. Mzee wa bakora alikuwa wa kwanza. Kwa kawaida hotuba zake zilitosha kupoza chai. Alitazama bakora yake pale chini, haikuokotwa na mtu.

"Mimi nimeona," akasema, akaketi.

Wa pili akasema ameona. Wa tatu pia. Hata wale wa kutoka Kiambere, mmoja baada ya mwingine, walisimama wakasema wameona. Babu alikuwa wa mwisho. Alisema, "Huyu ni binti yangu. Anakaa hapa." Mama hakurudi tena. Beberu hakuchinjwa, alizeekea pale akinyonya sketi za kila mgeni.

Nina meno mawili ya bandia na bega linaloniuma wakati wa baridi. Sasa nakaa kwenye kamati ya chuo inayochunguza kama tafiti za wanafunzi zina madhara kwa watu, na najua kwamba tungelikataa jaribio langu kabla ya chai ya saa nne. Mtoto hawezi kujitolea kuumizwa. Nalijua hilo, na bado ningelirudia.

Mama anauza ndizi katika soko la Gakoromone, huko Meru. Wiki ile yule kijana wa nyuma aliponitolea methali darasani, nilipanda kwenda kumwona. Nilikaa juu ya kreti nyuma ya meza yake, tukala mandazi, nami nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba siku ile sikupigwa kwa bahati mbaya. Kwamba nilijua.

Mama aliendelea kupanga vichane, vilivyoiva mbele, vibichi nyuma.

"Nilikuona," akasema.

"Uliona nini?"

"Ukitoka jikoni. Uliangalia baba yako, ukaangalia wazee, ukachagua pa kusimama. Ulipita hapa nyuma yangu, karibu hivi." Akagusa mgongo wake. "Nilijua unataka kufanya nini. Nilikuwa nimefungua mdomo nikuite urudi."

Kelele za soko zilikuwa nyingi, mikokoteni ikipita, mtu akiita bei ya vitunguu.

"Nikaufunga," mama akasema.

Nilikasirika. Sitaficha. Nililiweka andazi chini, kwa sababu miaka yote nilidhani nilibeba lile peke yangu, na kumbe alikuwa ameniona nikienda akaniacha niende. Halafu nikalitazama kovu lake, linaloanzia kwenye nywele hadi karibu na jicho, nikakumbuka ni nani aliyekuwa juu yangu wakati wa pigo la tatu. Niliuweka mkono wangu mgongoni mwake, pale pale alipopagusa.

Mteja akaja, akauliza kama ndizi zile zimeiva kweli au zinaonekana tu. Mama akamsogezea kichane. "Gusa mwenyewe," akamwambia.